Tafuta kwanza kiungo kinachomtii mtoto: kompyuta kwa mwanafunzi mwenye ulemavu wa viungo

Mwaka 2017 nilipoteza muhula mzima wa mtoto wa watu. Alikuwa kijana wa darasa la nne kutoka Kibosho, mwenye mtindio wa ubongo, mikono yake ikikunjamana kila anapotaka kufanya jambo. Tulikuwa tumepata kompyuta yetu ya kwanza, nami nilikuwa na hamu nayo kupita kiasi. Kila asubuhi nilimkalisha mbele ya kibodi, nikamshika mkono wa kulia, nikauvuta hadi kwenye herufi. Alitoka jasho hadi shati likalowa. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa ameandika jina lake mara moja tu, herufi ya kwanza ikiwa imejirudia mara kumi na saba.

Siku ya kikao cha wazazi mama yake alisimama mlangoni, akatutazama kwa muda, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, mbona unahangaika na mkono? Nyumbani redio anawasha kwa goti."

Goti la kushoto. Baba yake alikuwa ameining'iniza redio kwenye mguu wa meza, na mtoto akitaka taarifa ya habari anaisukuma swichi kwa goti, akitaka kulala anaizima. Sisi walimu wawili wenye stashahada ya elimu maalumu hatukuwahi kumuuliza mama hata swali moja kuhusu nyumbani.

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali, Moshi Vijijini. Ninayoyaandika hapa nimeyajaribu kwa mikono yangu, na nayaandika kwa mwalimu au mzazi aliye na mtoto mwenye akili yake timamu lakini hawezi kushika kalamu, pamoja na kompyuta moja kuukuu ambayo hakuna aliyemwonyesha aifanyie nini. Usianze kwa kununua kitu. Vingi unavyovihitaji vimo ndani ya kompyuta hiyo tayari, na vilivyobaki anavitengeneza fundi wa mtaani kwako.

Kiti kwanza

Mkalishe mtoto kwenye benchi refu, miguu ikining'inia, kisha umwambie aguse herufi A. Utaona mabega yanapanda, shingo inakakamaa, mkono unarushwa pembeni. Sasa weka tofali mbili chini ya nyayo zake, msukume makalio hadi yaguse nyuma ya kiti, umfunge kiunoni kwa khanga iliyokunjwa mara nne, halafu mwambie tena. Mara nyingi mkono uleule unatulia. Mwili usio na egemeo hutumia nguvu zake zote kutafuta kutoanguka, na hakuna kinachobaki kwa ajili ya kidole.

Unachokitafuta ni nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikunjwe kama pembe ya daftari, nyayo zote zikanyage kitu kigumu, na meza ifike usawa wa viwiko. Kwa mtoto anayeangukia pembeni, mwambie seremala akate meza nusu mwezi, ili tumbo liingie ndani na viwiko vipate pa kuegemea pande zote mbili. Skrini iwe mbele ya macho kabisa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akigeuza kichwa upande mmoja, mara nyingine mkono wa upande huo unanyooka wenyewe na wa pili unakunjika, na hapo utadhani ni mkaidi.

Kama hakuna fedha za seremala, kuna njia ya makaratasi. Mwalimu Bevill Packer aliianzisha Zimbabwe: maboksi na magazeti yanagandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga iliyopikwa kama uji, yanakaushwa, yanapakwa rangi, na yanatoka viti na meza vinavyobeba mtoto. Sisi tumetengeneza viegemeo vya miguu na viti viwili kwa maboksi ya sabuni. Ushauri wangu mmoja: usianze kazi hii mwezi wa sita au wa saba huku kwetu mlimani. Mawingu yanakaa siku nzima, karatasi haikauki, ndani inaota ukungu. Subiri Septemba.

Na kama una uwezo wa kumfikisha mtoto kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayemsaidia mtu kuzimudu shughuli za kila siku, mfikishe. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati, kwani wataalamu hao wanasomeshwa hapo hospitali ya KCMC, Moshi, na mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu wanasomeshwa kwenye chuo cha TATCOT hapohapo. Nenda na picha za mtoto akiwa amekaa darasani, siyo maelezo ya mdomo peke yake. Picha moja iliyopigwa kutoka ubavuni inamwonyesha mtaalamu mambo ambayo mimi nisingejua kuyasema.

Kutafuta kiungo kinachomtii

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Toa wiki nzima. Usiiwashe kompyuta kabisa.

Chukua kopo tupu la siagi, liweke karibu na kiungo unachokijaribu, mwambie mtoto aligonge ukisema "sasa", na aache ukinyamaza. Jaribu mkono, ngumi, kiwiko, goti, kisigino, kidole gumba cha mguu, upande wa kichwa, kidevu. Kwa kila kiungo jiulize mambo manne. Anakifanya anapotaka, au kinajifanya chenyewe? Anaweza kukiacha? Anaweza kurudia mara kumi bila kuchoka? Na kikisogea, mwili mwingine unabaki mahali pake? Swali la pili ndilo watu wanalisahau. Watoto wengi wanaweza kugonga, lakini wachache wanaweza kugonga na kuondoa, na kompyuta inahitaji yote mawili.

Muulize mama, bibi, dada anayemlisha. Uliza maswali ya nyumbani: anafukuzaje nzi? Anaita vipi usiku? Anacheza nini na wadogo zake? Binti mmoja wa Uru tulimjua kwa jibu la bibi yake, kwamba anachambua maharage kwa mdomo na hakosei hata jiwe moja. Tuliandika daftarini: shingo na midomo, imara sana.

Ukimaliza, utakuwa na kundi moja kati ya matatu. Kuna mtoto anayefika kwenye kibodi lakini anakosea vitufe. Kuna asiyefika kwenye kibodi ila ana kiungo kimoja cha kubonyezea. Na kuna ambaye kichwa tu ndicho kinachotulia. Kila kundi lina njia yake.

Anayefika kwenye kibodi lakini anakosea

Mtoto huyu ndiye tunaye kwa wingi, na ndiye anayesaidiwa kwa bei ya bure. Nazungumzia kompyuta ya Windows kwa sababu ndizo zinazotufikia mashuleni.

Bonyeza kitufe cha Shift mara tano mfululizo. Kompyuta italia na kukuuliza kama unataka Sticky Keys. Kubali. Kuanzia hapo mtoto anayeandika kwa kidole kimoja, au kwa kijiti, hahitaji kushikilia vitufe viwili kwa pamoja: anabonyeza Shift, anaachia, anabonyeza herufi, na herufi kubwa inatokea. Kijana wa Kahe aliyekatwa mkono baada ya ajali ya bodaboda alitumia mwaka mzima bila herufi kubwa hata moja, na walimu walimkata alama. Kubonyeza Shift mara tano kulimaliza jambo hilo siku moja.

Halafu shikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane. Hiyo inaleta Filter Keys, na huyu ndiye mkombozi wa watoto wa mtindio wa ubongo. Inafanya kazi mbili tofauti, nawe uchague kufuatana na kosa la mtoto. Mtoto anayebonyeza akashindwa kuachia, herufi zikamiminika kama zile kumi na saba za kijana wangu, mzimie kujirudia kwa herufi. Mtoto ambaye mkono wake unapita juu ya vitufe vingine ukivigusa njiani, muwekee kuchelewa: kompyuta inapuuza kila mguso mfupi na kukubali ule tu uliokaa. Anza na nusu sekunde. Ikiwa bado anakosea, ongeza kidogo. Ikiwa anakata tamaa kwa kungoja, punguza. Kipimo nilichonacho ni uso wake.

Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na U, ukurasa wenye mipangilio hii yote unafunguka. Hapo utakuta pia namna ya kukuza mshale na kupunguza mwendo wake. Fanya vyote viwili kwa kila mtoto, hata kabla hajalalamika.

Kipanya ndicho kinachowashinda wengi kuliko kibodi. Bonyeza Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja, na zile namba za upande wa kulia wa kibodi zinakuwa kipanya: 8 inapandisha mshale, 2 inashusha, 4 kushoto, 6 kulia, zile za pembeni zinakwenda mshazari, na 5 inabofya. Kwa kuburuta kitu, 0 inakishika na nukta inakiachia. Kompyuta mpakato nyingi hazina namba hizo, kwa hiyo nunua kibodi ya kawaida ya USB. Sokoni Mbuyuni nilipata iliyotumika kwa bei ya sahani mbili za chipsi.

Kibodi hiyo ya pembeni ina faida nyingine: unaweza kuifunika. Mtafute fundi wa mabango anayekata plastiki ngumu ile ya kung'aa, ya milimita 3. Mpe kibodi yenyewe, siyo picha, achore vitufe na kutoboa tundu juu ya kila kimoja. Kutoka katikati ya herufi moja hadi nyingine ni kama milimita 19, kwa hiyo tundu la milimita 13 au 14 linaacha ukuta wa kutosha. Kifuniko kikae juu kidogo ya vitufe bila kuvigusa, kwa kubandika vipande vya mpira pembeni. Sasa mtoto analaza mkono mzima juu ya plastiki, anautambaza hadi kwenye tundu, na kuingiza kidole. Mkono umepumzika njia nzima. Mwambie fundi alainishe kingo za matundu kwa msasa, kwani cha kwanza tulichotengeneza kilimchana mtoto.

Mtoto ambaye vidole havinyooki mpe kijiti: kipande cha mti cha unene wa kidole, mwisho wake umevalishwa raba ya penseli, mshiko umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli hadi ujae kiganja. Binti wa Uru alikishika mdomoni, na kwake kilifaa kwa sababu shingo yake ni imara. Kwa mtoto ambaye taya linauma ghafla bila kutaka, kijiti cha mdomoni ni hatari. Mfungie kwenye utepe wa kichwani. Na cha mdomoni kioshwe kila siku, kikae kwenye kopo lake mwenyewe lenye alama yake.

Mwenye kiungo kimoja tu

Tunarudi kwa kijana wa Kibosho na goti lake. Kifaa alichohitaji ni swichi moja kubwa inayofanya kazi ya kubofya. Vya dukani vinatoka nje na bei yake haisemeki. Chetu kilitengenezwa na fundi redio kwa mchana mmoja, nami nitaeleza ili umwonyeshe fundi wako.

Nunua kipanya cha bei ndogo kabisa, cha waya. Fundi akifungue. Chini ya kitufe cha kushoto kuna swichi ndogo nyeusi yenye miguu mitatu kwenye ubao. Kikiwa kimechomekwa kwenye kompyuta, achukue kipande cha waya na kugusisha miguu miwili miwili mpaka aone kompyuta imebofya. Miguu hiyo miwili ndiyo anayoitaka. Akichomoe kipanya, alehemu waya mmoja kwenye kila mguu, azitoe waya hizo nje kwa tundu, na azifunge fundo kwa ndani ili zisivutike. Upande wa pili wa waya afunge kitufe cha kengele ya mlangoni, kile cha madukani ya vifaa vya umeme, kinachobonyezwa na kurudi. Kipanya hakikosi kazi yake ya zamani. Kimeongezewa tu kidole cha pili kilicho mbali. Ziba jicho la chini kwa utepe mweusi ili mshale usitembee ovyo. Hakuna umeme wa ukutani unaopita humo, ni ule mdogo wa USB, kwa hiyo usiogope.

Kitufe cha kengele ni kidogo kwa goti. Tulikigandisha katikati ya vibao viwili vilivyounganishwa kwa bawaba upande mmoja na sponji upande wa pili, kama kitabu kilichofunguka kidogo. Goti likisukuma popote, kibao kinashuka na kubonyeza. Kisha tukakifunga kwenye mguu wa meza kwa mpira wa tyubu, mahali palepale redio ilipokuwa nyumbani.

Usimpeleke mtoto kwenye herufi siku hiyo. Tengeneza slaidi zenye picha, kila kubofya picha mpya. Mimi nilikwenda kwao Jumamosi nikapiga picha njia ya kwenda kwao: daraja, mgomba, ng'ombe, mbwa, mlango, mama. Alibofya hadi kwa mama yake akacheka kwa sauti, akarudia. Wiki mbili alifanya hivyo tu, na bila kujua alikuwa anajifunza kubonyeza na kuachia kwa wakati.

Ndipo ulete kibodi ya kwenye skrini. Bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Ingia kwenye kitufe chake cha Options, uchague ile inayotembea yenyewe juu ya vitufe, na uiambie isubiri kubofya kwa kipanya. Mwanga unapita mstari kwa mstari. Mtoto anabofya kwenye mstari anaoutaka. Mwanga unapita ndani ya mstari huo. Anabofya kwenye herufi. Weka mwendo wa pole kuliko wote kwanza. Kompyuta inakubali vipanya viwili kwa wakati mmoja, hivyo wewe unabaki na chako cha kumsaidia akipotea.

Ni kazi ya taratibu. Kijana wa Kibosho aliandika neno lake la kwanza, "maji", kwa dakika sita. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anamaliza sentensi ya maneno matano ndani ya dakika hizohizo sita. Usimwonee huruma ukaimalizia sentensi yake. Nimewakataza walimu wenzangu na wanafunzi wote: kidole chako kisiguse herufi ambayo hajakuomba.

Ambaye kichwa tu ndicho kinachotulia

Kuna programu ya bure inayoitwa Camera Mouse, iliyotengenezwa Boston College huko Marekani, na nyingine ya bure iitwayo eViacam. Zote zinatumia kamera ya kompyuta kumfuata mtoto usoni. Akigeuza kichwa, mshale unakwenda. Akituliza kichwa mahali pamoja kwa muda uliopanga, kompyuta inabofya. Unazipakua mara moja, baada ya hapo intaneti haihitajiki.

Shida yake ni mwanga. Dirisha likiwa nyuma ya mtoto, kamera inaona kivuli cheusi na mshale unarukaruka. Mgeuze aangalie dirisha. Ukiunganisha na kibodi ya kwenye skrini iliyopangwa kusubiri mshale ukae juu ya herufi, mtoto anaandika bila kugusa chochote. Mpe dakika kumi na tano, kisha mpumzishe shingo. Kwa mtoto ambaye kichwa kinayumba bila kukoma, njia hii itamtesa. Rudi utafute swichi.

Kishikwambi na sauti

Walimu wengi wa Tanzania wana kishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha vikagawiwa mashuleni. Ndani yake, kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), unaweza kurefusha muda wa kugusa, na kuna Switch Access ambayo inapokea swichi ya aina ya kibodi kwa mtindo wa mwanga unaotembea. Ukiwa na waya mfupi wa kubadilisha tundu la chaji kuwa tundu la USB, kibodi au kipanya kinaingia.

Gboard, kibodi ya Google ya kwenye kishikwambi, inaandika kwa sauti ya Kiswahili tangu Agosti 2017. Kwa mtoto mwenye mgongo wazi ambaye mikono imedhoofika lakini anaongea vizuri, au kwa yule wa ajali, hii ni baraka. Kwa watoto wengi wa mtindio wa ubongo haifai: matamshi yao, ambayo mimi na mama zao tunayaelewa bila shida, mashine inayageuza maneno mengine kabisa. Niliona uso wa mtoto mmoja aliposema jina lake mara tano na kusomewa takataka mara tano. Jaribu wewe kwanza na mtoto mkiwa wawili tu, usimjaribishe mbele ya darasa.

Mambo madogo yanayoharibu kazi

Programu ya kuandikia inapigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili, kwa kuwa inadhani unaandika Kiingereza. Mtoto anaamini amekosea ukurasa mzima. Zima ukaguzi huo siku ya kwanza kabisa. Mbaya zaidi ni ile inayosahihisha yenyewe, ikambadilishia neno sahihi kuwa la ajabu.

Lakini usahihishaji huohuo unaweza kuugeuza mtumishi. Kwenye orodha ya AutoCorrect andika kwamba "ksb" iwe "kwa sababu", "hh" iwe "hata hivyo", "tz" iwe "Tanzania". Kwa mtoto anayelipia kila herufi kwa jasho, herufi tatu badala ya tisa ni pumziko kubwa. Chagua maneno yasiyobadilika. Vitenzi vyetu vinavaa viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo kifupisho cha "andika" hakitamsaidia akitaka "walituandikia".

Hisabati ya kupanga wima ilitusumbua sana mpaka tulipoacha programu ya kuandikia na kuhamia kwenye jedwali la Excel. Punguza upana wa safu hadi kila kisanduku kiwe mraba, kisha tarakimu moja ikae kisanduku kimoja, kama daftari la hesabu. Mishale ya kibodi inampeleka kutoka mamoja kwenda makumi, kulia kwenda kushoto, na mkopo anauandika kisanduku cha juu. Nilipomwona binti wa Uru akitoa 387 kwenye 1,000 kwa kijiti cha mdomoni, hatua zote zikionekana, nilijua kwamba miaka yote ile alikuwa anazijua hesabu zile. Hakuwa na mahali pa kuzipanga tu.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato kuukuu yenye betri iliyokufa inazima papo hapo. Kazi ya saa nzima inapotea, na kwa mtoto huyu saa nzima ni mistari mitatu. Panga ihifadhi yenyewe kila dakika moja, na umfundishe Ctrl na S kila akimaliza sentensi. Akiwa na Sticky Keys anaweza.

Mtihani

Usisubiri darasa la saba. Baraza la Mitihani hutoa muda wa nyongeza na huduma nyingine kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini mahitaji hayo lazima yajulikane wakati wa usajili. Mwone mwalimu mkuu na Afisa Elimu Maalumu wa wilaya mtoto akiwa darasa la tano. Usiende na huruma mkononi, nenda na jalada: kazi zake zilizochapishwa, zenye tarehe, na muda alioutumia kwa kila moja. Ambatisha barua fupi inayotaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sijawahi kuona ofisi ikikataa kusoma jalada nene.

Mitihani yote ya ndani, hata ya Ijumaa, aifanye kwa njia ileile anayoiombea. Mtoto akitumia kompyuta kwa mazoezi halafu akapewa mwandishi wa kumwandikia siku ya mtihani, ni kama amepewa mkono mgeni asiouzoea.

Anapoondoka

Mtoto akifaulu kwenda sekondari, kifaa chake kiende naye, pamoja na karatasi moja kwa mwalimu asiyemjua. Hii ndiyo niliyoiandika kwa ajili ya kijana wa Kibosho, waweza kuinakili:

"Akae nyonga zikiwa nyuma kabisa ya kiti, khanga kiunoni, nyayo kwenye kiegemeo. Swichi ifungwe mguu wa meza wa kushoto, usawa wa goti, umbali wa vidole viwili. Windows, Ctrl na O, chagua inayotembea, sekunde moja na nusu asubuhi, mbili baada ya chakula cha mchana kwa sababu anachoka. Mstari mwekundu uzimwe. Ndiyo: anatazama juu. Hapana: anafumba macho. Akikunja uso hajakasirika, anatafuta herufi. Msubiri."